Usipoziba Ufa: Wakazi na Mradi Wasioutaka

Somo hili lisomwe kwa sauti katika kikundi, sehemu moja moja. Anayesoma asikimbie. Mwisho kuna maswali. Yajibuni kabla ya kuanza kuchanga pesa za mzunguko, maana pesa zikishaanza kuhesabiwa hakuna anayesikiliza tena.

Habari ya namna hii mmewahi kuisikia. Asubuhi moja watu wawili wenye kamba na vigingi wanaonekana wakipima shamba la jirani. Hakuna anayejua ni kwa nini. Wiki ya pili lori la mawe linakuja. Wiki ya tatu unaambiwa sokoni, "Kumbe ni kichinjio!" Au ni machimbo ya mawe, au mahali pa kutupa takataka za mji, au kituo cha petroli, au kilabu cha pombe kando ya shule. Hapo ndipo watu wanaanza kulalamika njiani, kwenye matanga na kwa naibu wa chifu. Lakini ukuta tayari umefika dirishani.

Jambo tunalotaka kujifunza leo ni moja: haki ya kukataa tunayo, lakini haki hiyo ina wakati wake na ina karatasi zake. Anayechelewa, au anayekataa kwa mdomo tu, huumia hata kama ukweli uko upande wake.

KWA NINI JAMBO HILI NI ZITO KWETU

Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii. Ukigawanya watu hao kwa ukubwa wa kaunti, unapata zaidi ya watu 900 katika kila kilometa moja ya mraba. Hapa Birongo, kama kwingine Gusii, hakuna pahali panapoitwa "mbali na watu." Mpaka wa shamba langu ni ukuta wa jikoni kwako. Tena tunaishi kwenye miteremko. Kinachomwagwa juu ya kilima leo, mvua ikinyesha, kesho kiko kwenye chemchemi ambako mama wa bondeni anateka maji ya chai.

Kwa hiyo mtu akisema, "Hili ni shamba langu, nitafanya nipendavyo," anasema nusu ya ukweli. Shamba ni lake, lakini moshi, uvundo, maji machafu na kelele havijui hatimiliki.

MAFUNZO MAWILI KUTOKA PWANI

Kenya ina mifano miwili mikubwa ambayo kila kikundi kingefaa kuijua. Yote ni ya Pwani, lakini tunaweza kujifunza kwayo hata huku kwetu milimani.

Mfano wa kwanza ni Owino Uhuru, kijiji cha watu wa kipato kidogo mjini Mombasa. Mwaka 2007 kiwanda kilifunguliwa ubavuni mwa kijiji hicho. Kazi yake ilikuwa kuyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata madini ya risasi. Watu walifurahia kazi. Lakini moshi uliingia nyumbani, na maji ya kiwanda yalipita kijijini. Risasi ni sumu isiyokuwa na harufu wala haraka. Huingia katika damu na mifupa, na huharibu zaidi ubongo wa mtoto anayekua.

Mwaka 2009 mama mmoja, Phyllis Omido, aliajiriwa na kiwanda hicho kushughulikia uhusiano wake na wakazi. Mtoto wake mchanga akaugua, na vipimo vikaonyesha kwamba ana risasi mwilini. Mama huyo aliacha kazi, akaanza kukusanya wakazi, kutafuta vipimo na kuandikia ofisi za serikali. Mwaka 2012 alikamatwa kwa sababu ya maandamano na kufikishwa kortini, lakini baadaye korti ikamwachilia huru. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka uliofuata, 2015, alipewa Tuzo ya Goldman, ambayo hutolewa kwa watetezi wa mazingira duniani.

Je, mambo yakaishia hapo? Hapana. Wakazi walikwenda kortini kudai fidia. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamua walipwe shilingi bilioni 1.3. Katika kugawa lawama, mahakama iliitwika Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, yaani NEMA, sehemu kubwa kuliko wote, asilimia 40. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaitengua tuzo hiyo. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Hesabu wewe mwenyewe: tangu kiwanda kufunguliwa hadi uamuzi wa mwisho ni miaka 17. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule amekuwa kijana. Wakazi walishinda, lakini hakuna hakimu anayeweza kuitoa sumu katika mifupa ya mtoto.

Mfano wa pili ni Lamu. Huko kampuni ya Amu Power ilitaka kujenga kituo cha umeme cha kutumia makaa ya mawe, chenye nguvu ya megawati 1,050. NEMA ilitoa kibali mwaka 2016. Wakazi, kupitia muungano wao uitwao Save Lamu, hawakungoja msingi uchimbwe. Walikata rufaa mwaka uo huo mbele ya Jopo la Kitaifa la Mazingira, ambalo kazi yake ni kusikiliza malalamiko juu ya vibali vya NEMA. Tarehe 26 Juni 2019 jopo lilifuta kibali hicho.

Sasa sikilizeni sababu, maana hapo ndipo penye somo. Mikutano ilikuwa imefanywa. Watu walikuwa wameitwa. Lakini jopo liliona kwamba wakazi hawakuelezwa ipasavyo madhara ya mradi na namna ya kuyazuia, wala hawakupewa nafasi ya kweli ya kutoa maoni baada ya ripoti kuandikwa. Kuita watu na kuwaambia "mradi mzuri unakuja" siyo kuwashauri. Oktoba 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Malindi ilikataa rufaa ya kampuni na kuuacha uamuzi wa jopo usimame.

Wekeni mifano hii miwili kando kwa kando. Owino Uhuru walianza kupigana moshi ukiwa tayari kifuani. Lamu walianza mradi ukiwa bado karatasi. Wote walikuwa na haki, ila wa Lamu waliziba ufa, na wa Owino Uhuru walilazimika kujenga ukuta.

SHERIA INASEMA NINI

Msiogope neno sheria. Tutataja machache tu ya kukumbuka.

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 70 kinakuruhusu kwenda kortini haki hiyo ikivunjwa au ikiwa iko hatarini kuvunjwa, na huhitaji kuonyesha kwamba wewe binafsi umekwisha kuumia. Kifungu cha 35 kinakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Kifungu cha 66 kinasema serikali inaweza kuongoza matumizi ya ardhi yoyote kwa ajili ya afya ya umma na mpango mzuri wa ardhi, hata ardhi yenye hatimiliki.

Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 inataka miradi kama machimbo, kichinjio na jaa la takataka ifanyiwe uchunguzi wa madhara na kupata kibali cha NEMA kabla ya kazi kuanza. Sheria ya mipango ya ardhi ya mwaka 2019 inataka mwenye mradi apate ruhusa ya kaunti, na wananchi wajulishwe ili mwenye pingamizi aseme.

Na sasa siku za kukumbuka. Ikiwa hamkuridhika na uamuzi wa kaunti kuhusu ruhusa ya ujenzi, mna siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya kaunti inayosikiliza malalamiko ya mipango ya ardhi. Ikiwa hamkuridhika na kibali cha NEMA, mna siku 60 kupeleka rufaa kwenye Jopo la Kitaifa la Mazingira. Siku 14 si nyingi. Ni masoko mawili tu.

TUCHUKUE MFANO

Tuseme mtu anataka kujenga kichinjio kwenye mteremko, juu ya chemchemi inayotegemewa na vijiji vitatu. Kikundi kinakutana chini ya mti. Mazungumzo yanakwenda hivi.

Mzee mmoja anasema, "Mimi sioni shida. Shamba ni lake, karatasi anayo. Mtamwambia nini mtu kuhusu mali yake?"

Mama mweka hazina anamjibu, "Baba, karatasi ni ya udongo. Maji yanayoteremka kutoka hapo si yake, ni yetu sote. Damu ya ng'ombe ikiingia kwenye chemchemi, wewe utakunywa nini?"

Kijana anaruka, "Twende usiku tung'oe vigingi! Hawa watu wanasikia nguvu tu."

Mwenyekiti anasema, "Keti, kijana wangu. Ukiving'oa, kesho kesi itakuwa ya vigingi, siyo ya maji. Wewe utakuwa ndani, na kichinjio kitajengwa. Tutaanza kwa kuuliza, tena kwa barua."

Mwenyekiti amesema vizuri. Hizi hapa hatua.

1. Jueni ukweli kwanza. Wajumbe wawili au watatu waende kwa mwenye shamba kwa heshima, wamuulize anataka kujenga nini. Pengine ni boma la ng'ombe tu na uvumi ndio umelikuza. Pengine yeye mwenyewe hajui kwamba maji yanapita hapo, na mkielewana mambo yataisha bila ugomvi.

2. Andikeni yote. Nunueni daftari moja la kazi hii peke yake. Kila jambo liandikwe na tarehe: siku vigingi vilipowekwa, siku lori lilipokuja, nani alisema nini. Simu ya mkono yenye kamera ipige picha. Chemchemi ipigwe picha ikiwa bado safi, maana baadaye mtaulizwa, "Zamani ilikuwaje?" Hesabuni nyumba zinazoitegemea.

3. Ulizeni vibali. Nendeni ofisi ya mipango ya ardhi ya kaunti na ofisi ya NEMA ya kaunti. Ulizeni mambo mawili: ombi limeletwa, na kibali kimetolewa? Ombeni kuona ripoti. Mkiambiwa "rudini kesho," acheni barua na mrudi na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Barua isiyo na muhuri ni kama haikuandikwa. Kwa miradi mikubwa, tangazo hutolewa katika Gazeti rasmi la Serikali na katika gazeti la kawaida, na siku ya mwisho ya kutoa maoni huandikwa mle ndani.

4. Pingeni kwa sababu, siyo kwa hasira. "Hatumtaki huyu, si wa ukoo wetu" siyo pingamizi. Hiyo ni chuki, na hakuna ofisi itakayoisikiliza. Pingamizi ni: umbali kutoka kwenye maji, mahali maji machafu yatakapoelekea, njia ya malori, shule iliyo karibu. Mwiteni bwana afya aje aone kwa macho yake.

5. Kuweni waangalifu na sahihi zenu. Wakati wa uchunguzi, watu huja na fomu za maswali. Msitie sahihi fomu tupu. Msitie sahihi ya "kuhudhuria" mkutano bila kuandika juu yake kwamba kuhudhuria si kukubali, maana orodha hiyo inaweza kuonyeshwa kesho kama ushahidi kwamba mlishauriwa na mkaridhika. Soda na shilingi mia mbili za nauli zisiwanunue maji ya miaka hamsini.

6. Pandeni ngazi moja moja. Chifu na naibu wake, msimamizi wa wadi na mwakilishi wa wadi wajulishwe mapema. Ikishindikana, iko kamati ya kitaifa inayopokea malalamiko ya mazingira kutoka kwa mwananchi yeyote. Kisha jopo, na mwisho Mahakama ya Mazingira na Ardhi, ambayo iko hata mjini Kisii. Msianzie juu, lakini pia msilale chini hadi siku 14 au 60 ziishe.

7. Mkiandamana, iwe kwa amani na kwa utaratibu. Katiba inaruhusu. Sheria inataka polisi wapewe taarifa ya maandishi angalau siku 3 kabla, na isiwe zaidi ya siku 14 kabla.

MFANO WA BARUA

"Kwa Afisa wa Mipango ya Ardhi, Kaunti ya Kisii. Sisi ni wakazi wa vijiji vitatu karibu na soko la Birongo. Tumeona ujenzi umeanza kwenye shamba lililo juu ya chemchemi yetu, na tumeambiwa ni kichinjio. Tunaomba kujua, kwa maandishi, kama ombi la ruhusa limeletwa kwako na kama limekubaliwa. Tunapinga mradi huu mahali hapo kwa sababu tatu: maji machafu yatateremka kwenye chemchemi, nyumba zetu zinazotegemea chemchemi hiyo hazina maji mengine karibu, na sisi hatukujulishwa. Hatupingi kichinjio chenyewe. Tunaomba kiwekwe mahali pafaapo. Tumeambatisha picha na majina yetu na sahihi."

Barua kama hiyo haihitaji wakili wala Kiingereza kigumu. Inahitaji tarehe, nakala na muhuri.

TUJICHUNGUZE SISI WENYEWE

Ndugu zangu, sasa tufike pahali panapouma. Nyani haoni kundule.

Mwaka 2009 waziri wa mazingira wa wakati huo, marehemu John Michuki, aliagiza mikaratusi iliyopandwa kwenye vyanzo vya maji ing'olewe. Watu wengi walinung'unika, kwa maana mkaratusi ni ada ya shule: unauzwa kuwa nguzo, mbao na kuni. Lakini sote tunajua unavyonyonya maji. Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006 zilikataza kulima au kujenga kando ya mto, kati ya mita 6 na mita 30 kulingana na upana wa mto. Je, ni wangapi katika kikundi hiki walioacha hizo mita 6? Tukipeleka pingamizi la kichinjio, huku mikaratusi yetu inakausha chemchemi ileile, mwenye kichinjio atapiga picha yake pia, na atakuwa na haki.

Jambo la pili ni kwamba nyama tunakula. Barabara tunazotaka zijengwe zinahitaji kokoto. Takataka za soko tunazitupa sisi. Tukisema tu "si hapa," mradi haufi. Unahama na kwenda kwa watu wasiokuwa na mwenyekiti wala daftari. Owino Uhuru hawakupata kiwanda kwa bahati mbaya tu. Mahali penye watu maskini wasiosikilizwa ndipo vitu vya namna hiyo huelekea. Kwa hiyo pingamizi jema lina sehemu mbili: hapa hapafai kwa sababu hizi, na kama kinahitajika, kiwekwe wapi na kwa masharti gani. Shimo la maji machafu lililojengwa kwa saruji, umbali kutoka kwenye chemchemi, saa za kazi, ukaguzi wa bwana afya. Mara nyingine masharti mazuri yanatosha. Mara nyingine hayatoshi kabisa, na hapo mnakataa kwa moyo mweupe.

Wazee wetu walikuwa na risaga. Jirani akiwa na kazi iliyomshinda, watu waliitana wakaimaliza pamoja. Kulinda chemchemi ni risaga ya siku hizi. Tofauti ni kwamba jembe limekuwa kalamu.

MASWALI YA MAJADILIANO

1. Chemchemi yetu iko wapi, na shamba lililo juu yake linatumiwa kwa nini leo? Chorni ramani juu ya udongo kwa kijiti.

2. Kama vigingi vingeonekana kesho asubuhi, nani kati yetu angekwenda kuuliza? Taja majina matatu sasa hivi.

3. Owino Uhuru walipata kazi kabla ya kupata ugonjwa. Mwenye mradi akiahidi kuwaajiri vijana wetu kumi, tutajibu nini? Vijana wajibu kwanza, kisha akina mama wanaoteka maji.

4. Ni kitu gani katika mashamba yetu wenyewe ambacho jirani wa chini angekipinga kama angekuwa na daftari?

KAZI YA KIKUNDI

Kabla ya mkutano ujao nunueni daftari. Ukurasa wa kwanza andikeni tarehe, majina ya nyumba zinazoteka maji, na hali ya chemchemi siku hiyo. Mwenye simu ya kamera apige picha. Halafu, mkiwa hapohapo, pimeni mita 6 kutoka ukingo wa maji kwa kamba, mwone ni mikaratusi ya nani iliyomo ndani. Ikiwa ni ya mwenyekiti, aanze yeye.